Kifaa cha Kutembelea Hakifai Kitu Kikikaa Nyuma ya Mlango

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi au mtu aliyeumia uti wa mgongo, kuna kifaa kilichoegemezwa pembeni. Huenda ni fremu ya chuma ya kutembelea, magongo, au kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu. Kilinunuliwa kwa pesa za mchango, kikatumika wiki moja au mbili, kisha kikaachwa. Familia hulalamika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Mgonjwa naye hunyamaza, ama husema atakitumia kesho. Wakati huo misuli inazidi kudhoofika na viungo vinaendelea kukaza.

Tatizo hilo haliko Kenya pekee, wala halitokani na umaskini pekee. Katika nchi tajiri kuna roboti zinazovaliwa mwilini ili kumsimamisha na kumtembeza mtu ambaye miguu yake haina nguvu. Moja huweza kugharimu zaidi ya shilingi milioni 11, na bado baadhi ya waliopewa huacha kuitumia. Kwa sababu gharama ni kubwa kiasi hicho, watafiti wamelazimika kuuliza swali ambalo hospitali nyingi hulisahau: kwa nini mtu mmoja hukubali kifaa na mwingine hukikataa?

Makala haya yanaeleza jinsi roboti hizo zinavyofanya kazi, zinamsaidia nani, na kwa nini maoni ya anayevaa kifaa yana uzito kama ya daktari anayekiagiza. Majibu yake yanamhusu pia mkazi ambaye kifaa chake ni mkongojo wa mti.

Roboti inayovaliwa ni kitu gani?

Ni fremu inayofungwa kwa mikanda kiunoni, mapajani na kwenye miguu, juu ya nguo za kawaida. Kwenye nyonga na magoti kuna mota zinazoendeshwa na betri. Vitambuzi hupima mwili umeinamia upande gani na uzito umeegemea mguu upi. Kompyuta ndogo hupokea habari hizo na kuamua goti likunjwe lini na linyooshwe lini. Katika aina kadhaa, mvaaji akiinamisha kifua mbele kidogo, mashine huelewa kwamba anataka kupiga hatua. Nyingi haziwezi kujizuia zisianguke, kwa hiyo mvaaji hushika magongo mawili au fremu.

Wazo hili si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Miomir Vukobratović na wenzake wa Taasisi ya Mihajlo Pupin mjini Belgrade, katika iliyokuwa Yugoslavia, walitengeneza fremu za kutembeza watu waliopooza. Nchini Japani, Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alibuni vazi liitwalo HAL, ambalo husoma kupitia ngozi ishara dhaifu za umeme zinazotokea ubongo unapoamuru misuli isogee. Nchini Uswisi ilibuniwa Lokomat, mashine kubwa inayobaki hospitalini: mgonjwa hushikiliwa kwa mikanda kutoka juu, na miguu ya roboti humtembeza papo hapo juu ya mkanda unaozunguka. Marekani ina Ekso, inayotumiwa zaidi katika vituo vya tiba mtaalamu akiwa kando. Israeli ilitoa ReWalk, ambayo Juni 2014 ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuruhusiwa na mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani kutumiwa nyumbani. Ruhusa hiyo ilikuwa na sharti: mvaaji awe na msaidizi aliyefunzwa.

Inamsaidia nani, na kwa kiasi gani?

Ni lazima kutenganisha makundi mawili, kwa sababu matumaini ya kundi moja hayafai kupewa kundi lingine.

Kundi la kwanza ni la watu ambao mwili wao bado unaweza kurudisha uwezo wa kutembea, hasa waliopatwa na kiharusi. Kiharusi huua sehemu ya ubongo, lakini sehemu iliyobaki inaweza kujifunza upya kazi ya ile iliyopotea. Hujifunza kwa kurudia, hatua moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayeinua mguu mzito wa mgonjwa kwa mikono yake huchoka baada ya muda mfupi. Mashine haichoki.

Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima matokeo ya utafiti wa tiba, lilitoa mapitio ya majaribio 62 yaliyohusisha watu 2,440 waliopatwa na kiharusi. Waliofanyishwa mazoezi kwa mashine pamoja na tiba ya kawaida walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutembea bila kushikwa kuliko waliopata tiba ya kawaida peke yake. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa katika miezi 3 ya kwanza baada ya kiharusi, na wale ambao hawakuweza kutembea kabisa walipoanza.

Familia isisahau mambo mawili hapo. Mashine ilitumika pamoja na tiba ya kawaida. Haikuchukua nafasi ya mtaalamu. Tena muda una thamani. Miezi 3 ikipita mgonjwa akiwa kitandani, nafasi bora inakuwa imepita, hata kama baadaye zitapatikana fedha za mashine ya bei yoyote.

Kundi la pili ni la watu ambao uti wa mgongo umekatika au kuharibika kiasi kwamba amri za ubongo hazifiki miguuni. Kwao roboti haitibu uti wa mgongo. Inapovuliwa, miguu inakuwa kama ilivyokuwa. Faida yake ni kusimama, kufanya mazoezi, na kuongea na watu wakitazamana uso kwa uso. Baadhi ya watumiaji husema choo kinakwenda vizuri zaidi na maumivu hupungua.

Hata katika kundi hili si kila mtu anaweza kuvaa. Mikono iwe na nguvu za kushika magongo. Viungo visiwe vimekaza. Urefu na uzito viwe katika vipimo vya mashine. Ngozi isiwe na vidonda vya kukaa au kulala. Mifupa nayo ipimwe, kwa kuwa mguu uliokaa miaka bila kubeba uzito hupoteza uimara na unaweza kuvunjika kwa mkazo mdogo.

Mvumbuzi ambaye hakuweza kuvaa uvumbuzi wake

Aliyebuni ReWalk ni mhandisi Mwisraeli, Amit Goffer. Mwaka 1997 alipata ajali iliyompooza mikono na miguu. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alijiuliza kwa nini dunia haina jibu lingine kwa mtu asiyeweza kusimama, na akaanza kazi iliyozaa roboti inayotumiwa leo katika nchi nyingi. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kuivaa. Roboti ile inahitaji mikono yenye nguvu za kushika magongo, naye hakuwa nayo. Baadaye alibuni kifaa kingine, UPnRIDE, kiti chenye magurudumu kinachomsimamisha mtu na kumpeleka aendako akiwa wima, na hicho ndicho kilichomfaa.

Hakuna aliyemwita Goffer mkaidi kwa kutovaa roboti yake. Kila mtu alielewa kwamba kifaa kizuri kwa mwingine hakikuwa kizuri kwake. Uelewa huo ndio ambao wagonjwa wengi hunyimwa nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kifaa usichokivaa hujui kinapobana.

Mizani ya mvaaji

Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani Fred Davis alieleza kwamba mtu anapoletewa teknolojia mpya hupima mambo mawili: itanisaidia katika shughuli zangu, na ni rahisi kuitumia? Davis alikuwa akizungumzia kompyuta za ofisini, lakini maswali hayo yametumika baadaye kupima vifaa vya afya. Kwa kifaa kinachofungwa mwilini huongezeka mengine mawili: niko salama ndani yake, na watu watanionaje? Mambo yafuatayo ndiyo hutia uzito kwenye mizani hiyo.

Muda na jasho. Kuvaa roboti kunahitaji kuhama kutoka kiti cha magurudumu, kufunga mikanda mmoja baada ya mwingine na kukagua kama viungo vya mashine vimelingana na vya mwili. Nyingine zina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mashine hubeba uzito wake yenyewe mtu anapotembea, lakini mikono na mabega ya mvaaji hufanya kazi kubwa. Mtu akichoka kabla hajafika alikokuwa akienda, mizani inaanza kuinama.

Mwendo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu wenye majeraha ya uti wa mgongo hutembea katika roboti hizi kwa wastani wa karibu robo mita kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mita 100 huchukua zaidi ya dakika 6. Mtu mwenye afya huzitembea kwa dakika moja na robo hivi, na mwenye kiti cha magurudumu kwenye barabara nzuri anaweza kwenda sambamba naye. Mwaka 2012, Mwingereza Claire Lomas, aliyekuwa amepooza kuanzia kifuani baada ya kuanguka kutoka kwa farasi, alimaliza mbio za London Marathon akiwa amevaa ReWalk. Ilimchukua zaidi ya wiki mbili. Ushujaa wake uliwapa wengi moyo, na hesabu ya siku zake ilionyesha pia kwamba mashine hiyo haikuundwa kwa safari ya kila siku ya kwenda kazini.

Mikono. Aliyeshika magongo mawili hawezi kubeba kikapu, mtoto wala kikombe cha chai. Kwenye kiti cha magurudumu kikapu hukaa mapajani. Kwa hiyo mtu anaweza kufurahia kusimama na bado akachagua kiti kwa shughuli za nyumbani. Hilo si kukata tamaa. Ni hesabu ya mwenye nyumba.

Hofu ya kuanguka. Mtu asiyehisi miguu yake hawezi kujua kama unyayo umekanyaga sawa. Anaikabidhi mashine mwili wake mzima. Imani hiyo hujengwa polepole, mtaalamu akiwa karibu na mgonjwa akiwa na uhuru wa kusema "tusimame hapa". Kumharakisha kunaweza kuharibu kila kitu, maana aliyeanguka mara moja hukumbuka sakafu kuliko hatua.

Macho ya watu. Wapo wanaojivunia kuonekana na roboti, na wapo wasiotaka kutazamwa kila wanapopita. Kifaa kinachotoa mlio, kinachochomoza chini ya nguo au kinachomlazimu mwanamke kuvaa suruali asiyoizoea kinaweza kukataliwa ingawa kinafanya kazi barabara. Heshima ya mtu ni sehemu ya tiba.

Kutegemea mwingine. Sharti la msaidizi lina sababu za usalama, lakini lina gharama. Mtu anayeweza kujisukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu hulazimika kumsubiri ndugu arudi kazini ndipo asimame. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024 liliwahusisha wanajeshi wastaafu 161 wa Marekani walioumia uti wa mgongo. Baadhi walipewa roboti ya kutumia nyumbani pamoja na kiti chao cha magurudumu, na wengine waliendelea na kiti pekee. Kwa ujumla, waliopewa roboti hawakuonyesha maisha bora kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Moja ya sababu zilizofikiriwa ni kwamba roboti zilitumika kidogo nyumbani, na hitaji la kuwa na msaidizi lilitajwa kuwa kikwazo.

Matumaini yaliyopitiliza. Video fupi huonyesha mtu akiinuka kitini huku watu wakipiga makofi. Haionyeshi wiki za mazoezi zilizotangulia, wala mtu huyo akirudi kitini baadaye. Anayekuja akiamini kwamba atapona huvunjika moyo hata anapopiga hatua 100. Anayekuja akijua kwamba lengo ni kusimama nusu saa, mara kadhaa kwa wiki, hufurahia mafanikio yaleyale.

Kikiharibika, nani atakitengeneza?

Kukubali kifaa hakuishii siku ya kukivaa. Mwaka 2024, mtumiaji mmoja nchini Marekani aliyekuwa ametembea kwa roboti yake kwa miaka mingi alijikuta hawezi kusimama kwa sababu ya hitilafu ndogo katika sehemu ya kuiongozea, inayovaliwa mkononi kama saa. Aliambiwa kwamba mashine yake ilikuwa imepitisha miaka 5, na kwamba kampuni haishughulikii tena mashine za umri huo. Ilitengenezwa baada ya habari zake kusambaa na watu kupaza sauti.

Ikiwa hayo humpata mtu katika nchi yenye mafundi wengi wa roboti, mkazi wa kaunti ana sababu zaidi ya kuuliza kuhusu vipuri kabla hajalipa. Kiti cha magurudumu ambacho tairi lake hupatikana katika duka la baiskeli sokoni kinaweza kumfaa mtu miaka 10. Cha kifahari ambacho tairi lake huagizwa ng'ambo kinaweza kulala stoo kabla ya mwaka kwisha.

Mambo yaleyale katika nyumba za hapa

Mwaka 2024 serikali ya Marekani, kupitia mpango wake wa bima ya wazee na watu wenye ulemavu, iliweka malipo ya takriban dola 91,000 kwa roboti moja ya kutumia nyumbani. Kwa bei hiyo, wakazi wengi wa kaunti hawatavaa roboti karibuni. Lakini sababu zinazomfanya Mmarekani aache roboti ndizo zinazomfanya mzee wa kijijini aache fremu yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na watafiti Phillips na Zhao uliwahoji watu wazima 227 wenye ulemavu nchini Marekani. Karibu asilimia 30 ya vifaa walivyokuwa wamepewa vilikuwa vimeachwa. Vifaa vya kutembelea viliachwa zaidi ya aina nyingine, na vingi viliachwa katika mwaka wa kwanza. Sababu kubwa zilikuwa nne: maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati wa kuchagua, kifaa kilipatikana kirahisi bila kupimwa vizuri, hakikufanya kazi ipasavyo, au mahitaji ya mtu yalikuwa yamebadilika.

Hebu sababu hizo zitazamwe kwa macho ya hapa. Fremu yenye magurudumu madogo huteleza vizuri kwenye sakafu ya hospitali, kisha hukwama kwenye changarawe na matope ya uani. Kiti cha magurudumu chenye upana wa sentimita 70 hakipiti mlango wa choo wa sentimita 60. Kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu huhitaji kiatu kipana, na mgonjwa ana viatu vya kawaida na ndara. Magongo yaliyoazimwa kwa jirani mrefu humchubua kwapa na kumtia ganzi mikononi. Mama aliyezoea kupika akiwa ameketi kwenye kigoda hawezi kufika jikoni na fremu. Ukiwauliza watu hawa kwa nini hawatumii vifaa vyao, wana majibu. Tatizo ni kwamba hawakuulizwa.

Zipo pia sababu zinazohitaji huruma na wakati mwingine tiba. Huzuni kubwa ni ya kawaida baada ya kiharusi, na mgonjwa mwenye sonona anaweza kukataa kila kitu, chakula kikiwemo. Maumivu ya bega au uchovu mwingi unaweza kuonekana kama uvivu. Baadhi ya wagonjwa hupoteza hisia ya upande mmoja wa mwili na hawatambui kwamba mguu wao unaburuta. Hayo yanapoonekana, mgonjwa anapaswa kurudishwa kwa daktari. Kumfokea hakutasaidia.

Vilevile wapo wanaoona kwamba kushika mkongojo ni kukiri mbele ya kijiji kwamba wameshindwa. Mtu wa namna hiyo hufaidika zaidi akikutana na mwenzake aliyepitia njia hiyohiyo na sasa anakwenda sokoni na mkongojo wake bila kuona haya. Mazungumzo ya nusu saa na mwenzake yanaweza kumfikisha mahali ambapo amri za watoto wake hazikumfikisha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Familia nyingi huuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumtafutia mgonjwa kifaa. Kabla ya kufanya hivyo, maswali haya yaulizwe, na mgonjwa awe wa kwanza kujibu yale yanayomhusu:

1. Mgonjwa mwenyewe anataka kufanya nini? Kufika choo peke yake, kwenda kanisani au msikitini, kurudi dukani kwake? Kifaa kichaguliwe kwa lengo hilo.

2. Je, amepimwa na mtaalamu wa tiba ya viungo au mtaalamu wa viungo bandia? Urefu, uzito, nguvu za mikono, ngozi na mifupa vimekaguliwa?

3. Je, amekijaribu? Kujaribu dukani kwa dakika 5 hakutoshi. Akijaribu katika kliniki kwa siku kadhaa, na kama inawezekana nyumbani, ukweli utajulikana.

4. Kinapita wapi? Pima milango, ngazi, njia ya choo na njia ya kuelekea barabarani, ukikumbuka msimu wa mvua.

5. Nani atamfundisha, na nani atakuwa naye? Anayemsaidia afunzwe pia namna ya kumwinua bila kuumia mgongo.

6. Kikiharibika kitatengenezwa wapi, kwa bei gani, na vipuri vinatoka wapi?

7. Anayeuza anaahidi nini? Akisema kwamba mashine itatibu uti wa mgongo uliokatika, familia isitoe pesa yoyote kabla ya kupata ushauri wa hospitali.

8. Lini atapimwa tena? Mwili hubadilika. Aliyehitaji fremu mwezi wa kwanza anaweza kuhitaji mkongojo tu mwezi wa 6, na mtoto hukua akakiacha kifaa kimekuwa kidogo.

Ngozi ikaguliwe kila jioni katika wiki za kwanza. Alama nyekundu isiyofifia baada ya nusu saa ni dalili kwamba kifaa kinabana, na kisivaliwe tena mpaka kirekebishwe.

Haki za mkazi na mahali pa kuanzia

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kwa hiyo anayeomba kifaa haombi hisani, na anayesema kwamba kifaa alichopewa hakimfai hajakosa shukrani.

Mahali pa kuanzia ni kitengo cha tiba ya viungo katika hospitali ya kaunti au ya kaunti ndogo. Mgonjwa wa kiharusi afikishwe hapo mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, kwa sababu ya thamani ya miezi ile ya mwanzo. Asiyeweza kufika amweleze mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yake, ili aelekezwe. Kuhusu malipo, aulize katika kituo chenyewe ni huduma zipi zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Mwenye ulemavu wa kudumu anashauriwa kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya umma inayotambuliwa kwa kazi hiyo. Aliyesajiliwa anaweza kutuma ombi la kifaa kupitia hazina ya baraza hilo. Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, nacho hutengeneza na kurekebisha viti vya magurudumu na vifaa vingine.

Aliye na kifaa kisichotumika nyumbani asikitupe wala kukigawa kabla ya kukipeleka kliniki pamoja na mtumiaji wake. Mara nyingi kinachohitajika ni kupunguza urefu, kubadilisha mpira wa chini, kulainisha mkanda au kumpa mtu wiki mbili za mafunzo. Na kama kifaa chenyewe hakifai, mtaalamu atahitaji kusikia sababu kutoka kwa mwenye kukivaa ili cha pili kisije kikaegemezwa mahali palepale, nyuma ya mlango.